Kwa mwanangu: usitupe kipande kilichovunjika

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako pamoja na picha za ile fremu ya matundu ya hewa iliyokatika ulipokuwa ukiitoa kwenye dashibodi ya gari, na nimeona jinsi ulivyosikitika baada ya kujua kwamba kiwanda kiliacha kuitengeneza kabla hujazaliwa. Usijilaumu kupita kiasi. Plastiki ya umri huo imekakamaa kwa miaka mingi ya jua na joto, na vijino vyake vya kubania hukatika hata mikononi mwa fundi mwenye subira. Siku nyingine, pasha eneo hilo joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuligusa, kisha ubandue kwa kijiti cha plastiki badala ya bisibisi, kwa maana bisibisi hubonyeza ukingo na kuacha kovu ambalo rangi hailifichi.

Ninalokusihi kabla ya yote ni kwamba usitupe chochote, hata vile vibanzi vidogo kama kucha vilivyodondokea chini ya kiti. Unasema utachora fremu mpya kwa kupima nafasi iliyobaki wazi kwenye dashibodi, kisha uichapishe kwa printa ya 3D. Nafasi hiyo itakupa urefu na upana, lakini haitakuambia unene wa ukuta, mteremko wa ukingo, wala mahali hasa kijino kinapoanza kupinda. Mambo hayo sasa yamebaki kwenye kile kilichovunjika peke yake, na hakuna mchoro mwingine ambao mimi na wewe tutaupata.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukosea. Ulipokuwa bado mdogo, nilivunja kifuniko cha kiegemeo cha mkono cha mlango wa kulia, nikakitupa nikiamini kwamba nitanunua kingine, na nilikitafuta kwa miaka bila kukipata. Nilibaki na cha kushoto, ambacho kimefanana na cha kulia kama sura na taswira yake kwenye kioo, na kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia nakala, haiwezi kugeuza kushoto kuwa kulia. Ikanibidi nichonge mfano wa mbao, nikipima kila pindo kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, na kuhamishia upande wa pili, jioni baada ya jioni, na mpaka leo nikikaa kwenye gari lile kiwiko changu hutambua kwamba mviringo haujakaa sawa. Siku hizi ungeweza kuskani kipande cha kushoto na kukigeuza kwenye kompyuta, jambo ambalo ningelishukuru sana wakati ule, ingawa bado ungelazimika kusahihisha matundu ya skrubu na ya swichi, kwa kuwa mara nyingi hayalingani pande zote mbili.

Kabla ya kushika gundi yoyote, ijue plastiki yenyewe. Tazama nyuma ya fremu uone kama kuna herufi zilizozungushiwa alama > na <, kama vile ABS au PP, ambayo ni majina mafupi ya aina za plastiki. Magari ya zamani sana hayana alama hizo. Hapo kwangua unyoya mdogo sehemu iliyofichika na uutie majini: PP isiyochanganywa na kitu huelea, na ABS huzama. Kuzama peke yake hakuthibitishi kwamba ni ABS, hivyo gusisha tone la asetoni, ile kemikali ya kuyeyushia, upande wa nyuma. ABS italainika na kunata. Kama ni hiyo, yeyusha vipande vya ABS chakavu ndani ya asetoni hadi mchanganyiko uwe kama uji mzito, uupake kwa nyuma juu ya ufa pamoja na wavu mwembamba wa kuuimarisha, kisha uache siku kadhaa, kwa sababu asetoni iliyonaswa ndani huendelea kutoka polepole na tabaka hilo husinyaa. PP haijali asetoni, na gundi za kawaida hubanduka juu yake kama ganda. Hiyo huunganishwa kwa joto, kwa kuyeyusha kijiti cha PP kwenye ufa.

Kazi yenyewe huhukumiwa kwenye vinyweleo vya uso, yaani ile chapa ya ngozi iliyo juu ya plastiki. Ukipiga msasa kwenye kiungo unaifuta, na jicho la yeyote aingiaye garini litakwenda moja kwa moja kwenye doa hilo laini. Njia ninayoiamini ni kupaka silikoni, ule mpira unaopakwa ukiwa majimaji, kwenye sehemu isiyovunjika ya fremu ileile, kuibandua ikishakauka, na kutumia kijiwambo hicho cha silikoni kama muhuri juu ya kijazio cha ufa ambacho bado ni kibichi.

Fremu ikishakuwa nzima, ndipo tutaitolea kalibu ya silikoni, ili tuwe na nakala kabla haijavunjika tena. Silikoni inayogandishwa kwa platinamu husinyaa kidogo sana na hudumu, lakini hukataa kabisa kuganda ikigusa salfa, ambayo imo katika baadhi ya udongo wa kufinyangia na katika glavu za mpira wa asili. Jaribu kwanza mahali padogo. Resini ya poliurethani, yaani plastiki ya majimaji tutakayoimimina ndani ya kalibu, uipime kwa mizani kama maelekezo yake yanavyotaka, na uihifadhi pakavu, maana ikinywa unyevu hutoa povu. Nakuomba sana uvae barakoa yenye vichujio vya kemikali na ufungue madirisha, kwa kuwa kemikali za isosianati zilizomo kwenye resini zinaweza kuyafanya mapafu yasizivumilie tena maisha yote.

Printa yako itatusaidia, lakini plastiki ya PLA uliyoitaja hulainika karibu na nyuzi joto 60 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kuzipita. Itumie kwa mfano wa kutolea kalibu tu. Kitu cha kukaa garini kichapishwe kwa plastiki ya ASA, ambayo huvumilia joto zaidi na haiharibiwi upesi na jua.

Kipo kimoja ambacho sitakusaidia kukigusa: kifuniko cha mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari linapogongana. Mistari myembamba ya nyuma yake imepimwa ipasuke kwa namna moja tu, na kijazio au rangi nzito huibadilisha. Kikipasuka, kiache hivyo hadi upate kifaa halali.

Nyuma ya kila nakala tutaandika mwaka na neno «nakala», ili atakayekuja baadaye asitoe nyingine juu yake akidhani ni ya kiwandani, kwani nakala ya nakala huzidi kupungua.

Funga kila kipande peke yake kwa karatasi laini, usikiunge kwa gundi na usibandike utepe wa gundi upande wenye vinyweleo, kisha unitumie vyote pamoja na zile skrubu tatu. Silikoni ninayo. Nitaanza na kijino cha juu kushoto, ambacho kwenye picha yako ya pili kinaonekana kimekatika pasafi.

Akupendaye,
Mama yako