Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyesema sisi ni watu wa Upanga

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei, na salamu nilizompa wifi ama hazikufika ama zilifika ukazikalia. Nasikia unawaambia ndugu kwamba niliondoka ukumbini kwa wivu. Wivu wa nini, kaka? Binti yako ni mwanangu. Sare nilishona kabla ya wote, nikacheza, nikamtunza mbele ya wakwe mpaka vidole vikabaki vitupu. Kama kuna mtu aliyeomba ndoa ile ifanikiwe, ni mimi shangazi yake.

Kilichoniondoa ni maneno yako. Mshereheshaji alikupa kipaza sauti uwatambulishe ndugu, ukasema, "Sisi ni watu wa Upanga, tumezaliwa pale na kukulia pale." Mama mkubwa alikuwa ametoka Mabwepande, nje kabisa ya mji, tangu asubuhi. Uliposema "sisi" alishaanza kuinuka, ameshika ukingo wa meza, kilemba amekiweka sawa, akijua sasa anaitwa. Ukamtaja baba mdogo, ukawataja wafanyakazi wenzako, ukarudisha kipaza sauti. Akakaa. Akachukua kile kitambaa cha mezani akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Hakusema kitu hadi tulipotoka nje, akaniuliza, "Kwani alikuwa anaongelea familia gani?"

Mimi sikuwa na jibu. Jibu unalo wewe.

Upanga, mtaa wa wenye nafasi karibu na katikati ya Dar es Salaam, tulikuwa tunaiona tu. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu ya Suna, ng'ambo ya bonde ulikuwa unaona majengo ya Muhimbili, na jioni taa zake. Kati yetu na wao ulipita Mto Msimbazi, na upande wetu ulikuwa Magomeni. Wasomaji wengine mtanisamehe, najua hii ni habari ya nyumbani kwetu, lakini wapo wengi Dar es Salaam wanaopafahamu Magomeni kwa foleni na mafuriko tu, na kaka yangu ameamua kuwa mmoja wao.

Wakati wa Mwingereza mji huu uligawanywa: Uzunguni kwao, Uhindini kwao, na Waswahili tukasukumwa nyuma ya uwazi wa Mnazi Mmoja, Kariakoo na Ilala. Watu walipozidi, miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikapima viwanja Magomeni, Temeke na Kinondoni. Zikasimama zile nyumba unazozijua: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, uani jiko na choo. Vyumba sita vya familia sita, na jiko moja. Wewe unazikumbuka kama umaskini. Mimi nakumbuka kwamba mtoto akiugua usiku, milango mitano inafunguka kabla mama yake hajamaliza kuita.

Na Mwalimu Nyerere aliishi hapo hapo. Mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu ili aifanye kazi ya TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza mwaka, na kabla ya uhuru akakaa Magomeni Mikumi katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Siyo ikulu, ni nyumba ya mtaani, imezungukwa na nyumba za watu. Hicho ndicho ninachokipenda kuliko yote pale. Na Msimbazi nao unaanzia huko huko vilima vya Pugu, unateremka unapita katikati ya jiji, unatokea Jangwani, unaingia baharini pale Salenda penye mikoko. Umesoma hadi chuo kikuu, kaka, umewahi kuwaambia wanao hayo? Ama umewaambia habari za London tu?

Najua utakachojibu, maana ulishanijibu siku ya arobaini ya baba: bondeni ni mahali pa kufia. Sibishi kwamba maji yanaua. Desemba 2011, siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, mvua ilishusha mto mzima juu ya watu na zaidi ya 40 wakafa jijini. Nyumba ya mama mkubwa iliondoka ukuta wa jikoni kwanza. Wewe ulikuwa safarini, sikulaumu kwa hilo. Lakini usiongee kana kwamba watu wa bondeni walijitakia. Miti ya juu ilikatwa, mchanga ukateremka ukajaza mkondo, viwanda vikamwaga uchafu wao, taka za jiji lote zikaja kuziba pale Jangwani, na jiji likaendelea kupangisha watu vyumba huku likijua. Kisha zikaja alama za X nyekundu ukutani. Mama mkubwa alipewa kiwanja Mabwepande akaanza upya na watu asiowajua, umri ule.

Mchicha je? Hapo ndipo roho yangu inapokwama. Ulimwambia wifi, nami nikiwepo, kwamba mchicha wa Msimbazi ni sumu na wauzaji wangefungwa. Maji ya mto yamechafuka, ni kweli, na siku hizi hata mimi ninauliza umelimwa wapi kabla sijanunua. Lakini mama mkubwa alilima matuta yale kuanzia mto ukiwa bado unaogelewa. Alfajiri anamwagilia kwa ndoo, anafunga mafungu, anapanda nayo hadi Mapipa kuuza, na ada yako ikatoka pale. Ada yako, kaka, siyo yangu. Mimi niliambiwa nisubiri, nikasubiri, na sikuwahi kukudai. Hata leo sikudai. Nataka tu usitaje fungu la mchicha kwa mdomo ule.

Nakushauri kama mdogo wako. Chukua wanao Jumamosi moja uwapeleke. Anza Mikumi, waingie nyumba ya Mwalimu, wasome kilichoandikwa ukutani. Waonyeshe na Magomeni Kota: nyumba zile za zamani zilibomolewa, na Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa ya kaya 644. Wale waliosubiri miaka yote ile hawakuona aibu kusema wametoka wapi. Halafu mteremke Jangwani. Uwanja wa Kaunda wa Yanga uko pale, nawe ndiye uliyekuwa unaruka senyenge kuangalia mazoezi ukarudi na kaptura imechanika. Waambie mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 karakana yake iliwekwa pale pale bondeni, na mvua zilipokuja maji yakaingia. Waambie sasa bonde lina mradi mkubwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kwamba litakuwa na daraja jipya la mita 390 na bustani ya jiji pale palipokuwa nyumba za watu.

Bustani hiyo itakuwa nzuri. Watakuja watu wa Upanga kutembea jioni, na watoto wako watapigwa picha pale. Ndiyo maana nataka wajue mapema kwamba pale penye yale majani aliishi bibi yao, alipika, alilima, na baba yao alijifunzia kutembea. Nisipowaambia mimi, nani atawaambia? Baba alipofariki niliachiwa mimi picha na vyeti, siyo kwa kuwa niliomba, ni kwa kuwa wewe ulisema huna nafasi nyumbani kwako. Basi nimevitunza, na mwenye kutunza ana haki ya kusema. Wasioelewa wataona ninakuanika hadharani. Jina lako sijaliandika, na sitaliandika.

Nakupenda, kaka. Ulinibeba mgongoni mara ngapi kuvuka maji ya Suna nisilowanishe sare ya shule? Yule kaka ndiye ninayemwandikia.

Wiki ijayo wakwe wanakuja kwako kula chakula. Mpigie mama mkubwa, namba yake ni ile ile, umtumie gari hadi Mabwepande, asihangaike na daladala. Akifika, mkalishe mbele, na uwaambie wakwe wewe mwenyewe yeye ni nani na nyumba yetu ilikuwa wapi. Nami nitakuja, ukinialika.

Mdogo wako.