Kiburi cha madhabahuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahubiri wetu. Mahubiri ya kiburi ninayoyasikia karibu yote humwangukia tajiri, msomi, au kijana anayependa kuvaa. Sisi wa viti vya mbele huitikia amina kwa sauti, maana hatukutajwa.

Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka 22 sasa. Mwaka juzi nilikuwa nawafundisha vijana habari za Mfalme Uzia, 2 Mambo ya Nyakati sura ya 26. Nikawaambia ukoma ulimtokea mikononi, mikono ile iliyoshika chetezo, chombo cha kufukizia uvumba, na juu ya mikono hiyo nilikuwa nimejenga somo zima. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa adabu, "Samahani, mzee, hapa pameandikwa paji la uso." Nikatazama. Ni paji la uso. Nikamjibu kwamba watoto wa siku hizi wanajua kuhesabu maneno lakini Roho hawamjui, kisha nikaendelea na mikono yangu.

Kwa miezi minne sikumsalimia. Miezi hiyohiyo sikukosa ibada hata moja. Nilifunga, niliongoza maombi, nilibeba kikombe cha Bwana. Hakuna aliyeniita mwenye kiburi. Walinisifu kwa unyenyekevu, kwa sababu nasema taratibu na naketi nimeinamisha kichwa.

Nilipoirudia sura ile peke yangu ndipo nilipoogopa. Uzia alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Alijenga minara, akachimba mabirika, akapenda kilimo, na hatusomi kwamba aliadhibiwa kwa hayo. Alianguka ndani ya hekalu, akiwa na uvumba, akitaka kufanya kazi takatifu ambayo si yake. Tena kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa: kuhani Azaria na wenzake 80 walimwonya kwanza. Angeweza kukiweka chini kile chetezo akatoka. Alipowakasirikia makuhani ndipo ukoma ulipomtokea, palepale mbele ya madhabahu.

Na yule Farisayo aliyesali hekaluni, katika mfano wa Yesu wa Luka 18, je? Hakusema uongo. Alifunga kweli mara mbili kwa juma, alitoa zaka kweli. Mema hayo ndiyo aliyoyafanya ngazi ya kumtazamia mtoza ushuru kutoka juu. Nadhani ndiyo maana Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, hakukihesabu kiburi pamoja na zile dhambi kuu saba, bali alikiita malkia wa maovu. Ulevi na uzinzi hutuaibisha hata tukatafuta toba. Kiburi cha mtumishi hula matendo yake mema, kikanenepa, na mwenyewe huhisi amebarikiwa.

Basi, ndugu wahubiri, mkihubiri tena habari hii, anzeni na sisi tunaoshika funguo za kanisa. Tuulizeni hadharani: ni lini mara ya mwisho mdogo wako alikusahihisha, nawe ukamshukuru?

Nilikwenda kwa binti yule pamoja na mama wa nyumbani kwangu, nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alinisamehe, akalia. Jumapili iliyofuata nikakiri kosa langu mbele ya vijana wote, nikawasomea mstari ule kama ulivyoandikwa. Yeye hakuwepo. Darasani hajarudi mpaka leo.

Mzee wa kanisa