Kwa wajawazito wenye uzito mkubwa

Shikamooni dada zangu, wadogo zangu habari za jioni. Nasikia baadhi yenu mnaruka chakula cha usiku ili mpungue. Jamani, msifanye hivyo. Ujauzito si wakati wa kujinyima. Mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 kwenda juu, kuongezeka kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima kunatosha.

Kinachotuponza zaidi ni vya kunywa: soda, juisi ya miwa, chai ya sukari vijiko vinne na maandazi yake saa nne. Anzieni hapo. Ugali kuleni, ila wa dona, kiasi cha ngumi yako, halafu sahani ijae matembele au mchicha, na maharage au dagaa mchele. Dagaa wachemshe na nyanya, kitunguu na ndimu. Mafuta kijiko kimoja kinatosha kabisa. Chipsi mayai mara mojamoja.

Vidonge vya damu msiache, na msivinywe na chai. Udongo nao acheni, unazuia madini ya chuma. Kipimo cha sukari kwa kawaida ni wiki ya 24 hadi 28. Wewe mwenye uzito mkubwa muulize nesi upimwe mapema.

Anayejua mashine yenye dona nzuri pande za Mbagala au Temeke aandike hapa.