Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: chumba chetu kinatosha

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliituma kamati ikatafute njia ya kujenga chumba kipya nyuma ya maktaba yetu hapa Tanga. Nimerudi na jibu jingine, na nawaomba mnisikilize kabla ya kunyoosha mikono. Chumba tulicho nacho kinatosha. Tumekijaza vitu, wasomaji tukawaacha barazani.

Tulianza kwa kuhesabu watu. Kwa wiki mbili za Oktoba, wakati watahiniwa wa kidato cha nne wanapofurika, wanakamati walikaa mlangoni kwa zamu na kumuuliza kila anayeingia amefuata nini. Wengi hawakugusa rafu hata moja. Walikuja na madaftari yao wakitafuta kiti, mwanga na utulivu. Viti vilipoisha walikaa sakafuni kati ya rafu, na waliokosa hata hapo walirudi nyumbani. Binti mmoja aliniambia kwao wanalala sita chumba kimoja na taa huzimwa saa tatu usiku. Meza ya kusomea anayoijua ni ya hapa. Maneno yake hayajanitoka.

Kisha tukapima sakafu. Rafu zimechukua zaidi ya nusu yake, na njia kati ya rafu na rafu ni sentimita 60. Kiti cha magurudumu kinahitaji 90 kwa uchache. Maana yake mwenzetu anayetumia kiti hicho ameletewa vitabu mlangoni miaka yote hii, hajawahi kuchagua kitabu kwa mkono wake, na sisi tukidhani tunamhudumia vizuri. Namwomba radhi mbele yenu.

Kilichoniuma zaidi ni madirisha. Waliolijenga jengo hili waliijua pwani. Madirisha makubwa waliyaweka kaskazini na kusini ili pepo za kusi na kaskazi zipate njia, na kuta za mashariki na magharibi wakaziacha zikabiliane na jua. Tukaja sisi tukaegemeza rafu ndefu kwenye madirisha yale yale. Tuliziba upepo na mwanga, halafu tukanunua feni na kuwasha taa mchana kutwa. Tulipozivuta rafu mbili ili tupime, nyuma yake tulikuta ukungu na njia za mchwa zimepanda hadi rafu ya tatu.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalopendekeza ni kuzigeuza rafu. Zisimame zikielekeza ncha zake madirishani, upepo upite katikati kama unavyopita uchochoroni. Pasiwe na rafu inayogusa ukuta. Upana wa vidole vinne unatosha hewa kupita na mkutubi kumulika tochi akitafuta mchwa. Za katikati ya chumba zisizidi kimo cha kifua, ili mkutubi awaone watoto wote akiwa mezani pake.

Wapo waliopendekeza tuweke ghorofa ya mbao ndani kwa ndani na kupandisha vitabu juu. Tulimuuliza mhandisi. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu ina uzito wa kilo 30 hivi, na sakafu ya rafu zilizosongamana hujengwa ihimili zaidi ya kilo 700 kwa kila mita ya mraba, mara mbili na zaidi ya ile ya chumba cha kusomea. Kuta zetu hazikujengwa kwa mzigo huo. Suala hilo tumelifunga.

Sasa vitabu vyenyewe. Najua hapa ndipo penye uchungu, na barua zenu nimezisoma zote. Mzee wetu mmoja aliandika kwamba kitabu hakitupwi, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Lakini tunatunza mafunzo ya kompyuta ambazo hazipo tena, vitabu vya mihutasari iliyokwisha kufutwa, na maboksi ya sheria za nchi za mbali tuliyoletewa kama msaada na hatukuwa na ujasiri wa kuyakataa. Kila boksi limekalia nafasi ya kiti. Tunapendekeza kitabu kiondoke ikiwa taarifa zake zimepitwa na wakati, au kimeharibika kisitengenezeke, au hakijaazimwa kwa miaka mitano. Na kabla ya kuondoka kipitiwe na watu wawili tofauti. Vitabu vya Kiswahili, chochote kinachoihusu Tanga na pwani, magazeti ya zamani na maandishi ya mkono havitaguswa, hata kama havijafunguliwa kwa miaka ishirini. Vitakavyoondolewa na bado vina manufaa vitapewa kwanza wanachama na shule. Hakuna kitakachochomwa moto.

Tulipokuwa tunahesabu tuligundua jambo ambalo nalionea aibu. Tunapanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba kulingana na mada yake, uliotoka Marekani mwaka 1876. Humo fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, ya Kiswahili imebanwa kwenye 896.392. Kwa kuwa tulifuata namba kuanzia mlangoni, fasihi yetu iliishia kona ya giza karibu na stoo, rafu ya chini kabisa. Na huu ndio mkoa aliozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909! Namba hatutazibadili, maana mkutubi anazihitaji. Lakini hakuna sheria inayosema 896 ikae mbali na mlango. Tunataka Kiswahili kiwe cha kwanza mtu anapoingia, majalada yakimtazama.

Wenzetu wa Nairobi wametufundisha pa kuanzia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, enzi hizo Mwafrika haruhusiwi kuingia kusoma. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipobeba kazi ya kuifufua, lilitangulia kukarabati matawi ya mitaani, Kaloleni na Makadara, kabla ya lile jengo kubwa la mjini. Nasi tuanze na kona ya watoto na baraza. Mabenchi ya baraza, taa mbili na soketi za umeme vitatupa viti vingi upesi kuliko kazi nyingine yoyote.

Kazi ianze Desemba, mtihani wa kidato cha nne ukiwa umekwisha, imalizike kabla ya masika ya Machi. Paa litangulie. Safari iliyopita fundi alipaka rangi kabla ya kuziba mabati, na mvua ya kwanza iliteremka na rangi yote juu ya vitabu vya historia.

Hesabu atazisoma mhazini. Gharama kubwa ni seremala na umeme, na zote mbili ni ndogo kuliko msingi wa chumba kipya.

Mtapiga kura kwa mambo matatu: kugeuza rafu, utaratibu wa kuondoa vitabu, na kutumia sehemu ya mfuko wa ujenzi kwa paa na baraza. Mkikubali, uhesabuji wa vitabu utaanza Jumamosi saa tatu asubuhi. Njooni na vitambaa vya kufunika pua, vumbi ni jingi, na mwenye kitabu chetu nyumbani akirudishe siku hiyo, hata kama muda wake ulipita zamani. Faini tumeisamehe.