Kabla hujamlaumu wakala, itafute fomu uliyotia saini

Nyumba nyingi za Moshi zina fremu mbele. Ukipita Pasua, Majengo au Njoro unaona ukuta wa sebule ya mtu umegeuzwa saluni, duka la dawa, au sehemu ya kubadilishia mitungi ya gesi. Ni riziki, hatuna neno nayo. Kasheshe iko kwenye fomu ya maombi ya bima, pale panapoulizwa matumizi ya jengo, na wakala mwenye haraka akajaza "makazi" kwa sababu ndivyo alivyojaza kwa wateja wote wa siku hiyo.

Miaka inapita, ada inalipwa, hakuna anayeuliza. Siku moto ukitokea, mkadiriaji hasara anafika, anapiga picha mitungi iliyopangwa ukutani, kisha anafungua faili na kukuta "makazi". Barua inayofuata ndiyo wateja wanayotuletea sisi madalali wa bima ndani ya bahasha ya kaki: madai yamekataliwa kwa kuwa mkata bima hakutoa taarifa sahihi.

"Lakini nilimwambia!" Mara nyingi ni kweli alimwambia. Shida ni kwamba chini ya fomu kuna tamko kuwa majibu yote ni sahihi, na saini iliyopo hapo ni ya mteja. Ukishasaini, kampuni itayahesabu maneno yale kuwa yako hata kama mkono ulioandika ni wa mwingine.

Hapo ndipo inapobidi ujue aliyekukatia bima ni nani. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima. Dalali, kama sisi, anamsimamia mteja, ingawa kamisheni yetu nayo inatoka kwenye ada unayolipa, na ni vizuri ulijue hilo. Wote wawili lazima wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kama wakala alikuja nyumbani, akaiona fremu kwa macho yake, au ulimtumia picha kwa WhatsApp, una hoja nzito: kampuni ilipewa taarifa kupitia mtu wake yenyewe. Bila meseji wala picha, linabaki neno lako dhidi ya lake, na yeye ana kazi ya kulinda. Kwa hiyo usifute mazungumzo yenu. Na ada usiitume kwenye namba yake binafsi ya simu. Lipa kwa kampuni, udai risiti.

Mgogoro wa pili tunaoukuta sana unawahusu waliojenga kwa mkopo. Mtu anasema nyumba yake ina bima ya benki, roho yake imetulia. Ukiifungua hati, unakuta imekatiwa bima ya kiasi cha mkopo tu. Tuseme kuijenga upya kungegharimu milioni 90, na bima ni ya milioni 30. Jiko likiungua, hasara ikawa milioni 9, mteja anategemea milioni 9 kwa sababu hazifiki hata 30. Kampuni inatumia kanuni ya uwiano: umekatia bima theluthi ya thamani, unalipwa theluthi ya hasara. Ni milioni 3, tena kabla ya kutoa ile ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe. Watu huona wameibiwa, lakini kwa kawaida sharti hilo limeandikwa kwenye hati. Aliyepaswa kulieleza mapema ni aliyeuza bima, na kwa maoni yetu asiyelieleza hajafanya kazi yake. Kuna pia wanaokosea kwa upande wa pili, wanajumlisha bei ya kiwanja cha Shanty Town na kulipia ada ya ardhi ambayo haiungui.

Kuhusu mafuriko tuseme kwa kifupi. Bima ya moto ya kawaida inaanzia kwenye moto na radi. Mafuriko, dhoruba na tetemeko mara nyingi huongezwa kwa kuomba. Baada ya mvua za Aprili 2024 mtu wa mabondeni hana sababu ya kuacha kuuliza. Maji yanayopenya kwenye paa lililochakaa ni habari nyingine, hayo hayalipwi.

Ukipata hasara, piga picha kabla hujafagia. Funika kilichobaki kwa turubai, kuokoa mali ni wajibu wako, ila vilivyoungua usivitupe mpaka mkadiriaji avione. Moto unahitaji taarifa ya Zimamoto, namba yao ni 114. Wizi unahitaji RB ya polisi. Toa taarifa kwa kampuni kwa maandishi, hata kama umeshampigia wakala.

Ukikataliwa, usiende kugombana kaunta. Andika barua uombe wakutajie ni sharti gani la hati wanalolitumia, na uombe nakala ya fomu ya maombi. Majibu yasiporidhisha, peleka malalamiko TIRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na mahakama haijafungwa. Kikubwa, ukiletewa karatasi ya kukubali malipo kuwa ya mwisho, isome kwanza. Wapo wanaosaini wakidhani ni malipo ya awali, na baada ya hapo ni vigumu sana kuifungua tena kesi.

Kukagua hati na fomu za zamani hatutozi, hata kama bima hukukata kwetu. Njoo na hati, risiti ya ada ya mwisho, na picha ya nyumba ilivyo leo, fremu ikiwemo. Kilichobadilika tunakiandikia kampuni barua siku hiyo hiyo, na ada ikipanda kidogo utaambiwa kabla hujalipa.