Jenomu ya muiri isomwe hapa nchini

Mhariri,

Muiri (Prunus africana) unazidi kupungua katika misitu yetu kwa sababu ya gome lake, linalotengenezewa dawa ya kuvimba kwa tezi dume na kuuzwa Ulaya. Tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini walanguzi bado wanabandua gome kuzunguka shina zima, na mti ukishafanyiwa hivyo mara nyingi hukauka.

Tuupande mashambani, basi. Shida ni kwamba mbegu zake hazihifadhiki kwa muda mrefu, mti wenyewe huchukua miaka mingi kufikia kuvunwa, na dawa iliyomo kwenye gome hutofautiana mti kwa mti. Mkulima anapanda kwa kubahatisha. Jenomu, yaani taarifa zote za urithi (DNA) za kila mti, za miti ya Mlima Kenya, Kakamega na kwingineko zikisomwa na kulinganishwa na magome yake, watafiti wataweza kuchagua miche bora ingali kitaluni.

Naisihi serikali igharamie kazi hiyo. Itifaki ya Nagoya, ambayo Kenya imeiridhia, inatupa haki ya kugawiwa faida itokanayo na matumizi ya rasilimali za kijenetiki za mimea na viumbe wetu. Kwa hiyo sampuli yoyote isivuke mpaka kabla jamii zinazoishi kando ya misitu hiyo hazijaandikiwa fungu lao.

Msomaji,
Nyeri