Kabla hujasaini kazi ya Entebbe

Nairobi, Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na mama siku hizi anatembea bila fimbo, alhamdulillahi. Shangazi kaniambia unahamia Entebbe mwezi ujao kurusha ndege. Nimeacha chakula mezani ili nikuandikie.

Sikukuambia yaliyonikuta. Nimekaa chini siku 19 bila kugusa ndege. Validesheni yangu ya hapa Kenya, yaani kibali cha kuitambua leseni ya urubani ya nchi nyingine, imeandikwa hadi Desemba, nami nikawa naitazama hiyo tu. Kumbe haisimami peke yake. Imeegemea leseni yetu ya nyumbani, na leseni bila cheti cha daktari haikurushi. Nilipimwa Machi, nikiwa nimeshatimiza 40. Miaka yote tumezoea miezi 12, nikahesabu 12. Lakini ukishavuka 40, na unarusha ndege ndogo kama Caravan peke yako na abiria nyuma, ni miezi 6! Cheti kikaisha Septemba, na mimi nikaruka siku mbili zaidi kabla dada wa ratiba hajagundua. Siku mbili, Hamisi. Watoto walikuwemo. Lingetokea jambo, bima ingesema nini? Hata sasa nikilala naiwaza ile safari ya pili, yale mawingu...

Basi wewe, kabla hujasaini, usiulize utaruka wapi. Uliza ndege imesajiliwa wapi. Ikiwa herufi za usajili ubavuni zinaanza na 5X, Uganda ndiyo iithibitishe leseni yako, hata kama utashinda Goma mwezi mzima. Ikiwa 5Y, ni Kenya. Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa 1944, ibara ya 32, tuliusoma wote tukasinzia. Wakikwambia "karatasi zitakukuta kazini", usipande.

Na Kiingereza usikisahau. Daraja la 4 la mtihani wa Kiingereza wa marubani hudumu miaka 3 tu, na wewe ulipimwa mwaka wa harusi ya Zuhura.

Narudi kwenye cheti cha daktari kwa sababu Novemba hii nawe unaingia 40. Chako kinaisha lini, tarehe kamili? Utapimwa Dar kabla ya kuondoka? Utarusha peke yako au mtakuwa wawili? Ndege ina herufi gani? Na Mwajuma, amekubali kwa moyo au amenyamaza tu?

Zipige picha karatasi zote, mbele na nyuma, unitumie kabla ya Ijumaa. Nitazisoma moja moja.

Wako,
Saidi